Aliachiliwa kwa Kukosa Ushahidi: Maana Yake Nini?



Juma mbili zilizopita, saa ya pumziko, kulikuwa makelele makubwa uwanjani. Kijana mmoja wa mtaa wa karibu alikuwa amerudi kwao. Alikuwa amefungwa miezi mingi kwa kesi ya kuteka mtu, na tribinali ilimwachilia kwa kukosa ushahidi. Wengine wakasema: «Watekaji wote wanatoka hivyo hivyo.» Mmoja, sitamtaja, akasema heri angalichomwa siku ya kwanza, mambo yangekwisha. Na mimi ninayeandika, mkuu wa wanafunzi, niliyepaswa kutuliza makelele, nilisema kwa sauti kuliko wote: «Pesa imesema!»

Mwalimu wetu wa elimu ya uraia alikuwa anapita, chaki mkononi. Akaniuliza: «Wewe uliiona pesa ile? Ilikuwa ngapi? Ilitoka mkononi mwa nani?» Nikanyamaza. «Basi,» akasema, «nawe umemhukumu mtu bila ushahidi, na hata tribinali huna.» Wote wakacheka. Mimi vilevile nilicheka, lakini si sana. Kisha akanipa kazi ya kuandika somo hili. Kwa hiyo wanaoona ni refu wamlaumu yeye.

Tuanze na sheria ya nchi yetu, juu yake nitasema kwa kifupi. Kitabu cha sheria ya makosa, ambacho mzizi wake ni amri ya tarehe 30 Januari 1940, kina kipengele cha 67. Kinasema juu ya yule anayemnyakua mtu, au kumkamata, au kumfunga bila haki, kwa nguvu, kwa hila ao kwa vitisho. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 5. Kama mtu yule aliteswa mwilini, ni miaka 5 mpaka 20. Kama mateso yalimwua, ni kifungo cha maisha ao kifo. Mnaona kwamba si kosa dogo. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 17, inasema kila mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Tena kipengele cha 18 kinakataza polisi kumweka mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya wakubwa wa sheria. Yaani si mshitakiwa anayepaswa kuonyesha kwamba hakufanya. Ni watu wa parke, wale wanaoshitaki kwa jina la serikali, wanaopaswa kuonyesha kwamba alifanya. Kama wakishindwa, na waamuzi wakabaki na mashaka ya kweli, mashaka yale ni mali ya mshitakiwa.

Wengi tunasoma maneno hayo kwa ajili ya Egzetat, tunayasahau siku inayofuata. Kazi yake inaonekana pale kesi inapokuwa ngumu, na kesi ya kuteka mtu ni ngumu kuliko nyingi. Fikirini tu gisi mambo yanavyokwenda. Watu wanakuja usiku, nyuso zimefunikwa. Anayechukuliwa anafungwa macho. Jamaa wanaambiwa: ukisema kwa polisi, mtu wako hatarudi. Wanakusanya dola kimya kimya, wanazipeleka, mtu anarudi, na tangu siku ile hakuna anayetaka kusema neno. Ushahidi utatoka wapi? Tena mambo ya kuthibitisha ni zaidi ya moja: kwamba mtu alichukuliwa kweli, kwamba ni kwa nguvu ao kwa hila, na kwamba huyu aliyesimama hapa, si mwingine, alishiriki, tena kwa kutaka. La kwanza mara nyingi linajulikana na kila mtu. Ni hilo la mwisho linaloanguka.

Sasa kesi ninayotaka tuisome pamoja haikutokea kwetu. Ilitokea Kenya, pwani ya Lamu, mahali ambapo Kiswahili kilizaliwa zamani na ambapo wangecheka wakisikia chetu. Nimeichagua kusudi: hapa shuleni hakuna mwenye ndugu ndani yake, kwa hiyo tunaweza kuitazama bila hasira.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye silaha waliingia katika hoteli moja ya pwani ya Kiwayu, karibu na mpaka wa Somalia. Usiku ule wageni wa hoteli walikuwa wawili tu, mume na mke Waingereza, David na Judith Tebbutt. Mume aliuawa kwa risasi. Mke alichukuliwa kwa mashua mpaka Somalia. Alikaa mikononi mwa watekaji siku 192, na aliachiliwa tarehe 21 Machi 2012, jamaa yake walipokwisha kulipa. Juu ya mambo hayo hakuna mabishano hata leo: mtu aliuawa, mtu alitekwa.

Polisi walimkamata mtu mmoja mara moja, jina lake Ali Kololo. Alikuwa Mboni. Waboni ni watu wachache wa msitu wa Lamu, wanaoishi tangu zamani kwa asali na mawindo, na majirani huwatazama kwa dharau, kama tunavyojua wenyewe gisi Batwa wa upande wa Kahuzi wanavyotazamwa. Kololo alikuwa mkata kuni na mtafuta asali, naye zamani alifanya kazi katika hoteli ile ile. Hakusoma. Yeye alisema kwamba watu wenye bunduki walimlazimisha kuwaonyesha njia. Polisi walisema alikuwa mwenzao.

Ngojeni, tusiende mbio. Kwa miezi ile hofu ilikuwa kubwa sana. Tarehe 1 Oktoba, mwanamke Mfaransa alichukuliwa kutoka kisiwa cha Manda, palepale Lamu, naye alikufa mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 Oktoba, Wahispania wawili waliokuwa wakisaidia wakimbizi huko Dadaab walitekwa vilevile. Mwezi ule ule jeshi la Kenya liliingia Somalia. Hoteli zilibaki tupu. Kila mtu alitaka kusikia kwamba mwenye kosa amepatikana, na Kololo alikuwa mkononi. Nasema hivi si kwa kuwatetea polisi. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe najua uzito wa kuulizwa na wote: «Sasa umemkamata nani?»

Kesi ilisikilizwa Lamu. Kwa sehemu kubwa ya kesi Kololo hakuwa na avoka (yule wa tribinali, wadogo zangu, si tunda), na lugha zilizotumiwa hakuzielewa vizuri. Ushahidi mkubwa uliomfunga ulikuwa viatu. Walisema nyayo zilizoonekana pale mchangani zilifanana na viatu ambavyo, kwa maneno yao, alivivaa. Mkubwa mmoja wa polisi kutoka London alikuja kutoa ushahidi juu ya jambo hilo, na mnajua kwetu sote mtu anayetoka mbali na cheo chake anavyosikilizwa. Mwezi wa Julai 2013 Kololo alihukumiwa kifo.

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo nakaa kidogo. Nyayo zinaweza kusema kwamba kiatu fulani kilipita. Haziwezi kusema ni mguu wa nani uliokuwa ndani. Ili viatu vimfunge mtu, lazima mnyororo wote uwe mzima: kwamba nyayo zilichukuliwa vizuri kabla watu wengi hawajakanyaga pale, kwamba kiatu na nyayo ni kitu kimoja kweli, kwamba kiatu kilitolewa mguuni mwa mtu yule mbele ya mashahidi, na kwamba tangu saa ile mpaka siku ya kesi hakikubadilishwa. Pete moja ikikatika, mnyororo wote uko chini. Katika kesi ya Kololo pete zilikatika nyingi. Maandishi ya polisi wenyewe juu ya kukamatwa kwake yalionyesha kwamba hakuwa na viatu mguuni. Viatu vyenyewe vilikuwa vidogo kwake. Na habari za wataalamu wa Uingereza zilizodhoofisha ushahidi wa nyayo hazikufikishwa mbele ya mahakama.

Nikisoma hayo nilikumbuka vazi la Yusufu nyumbani mwa Potifa. Vazi lilikuwa lake kweli. Lilikutwa mikononi mwa mwanamke kweli. Na bado maneno yaliyofungwa juu ya vazi lile yalikuwa uongo, naye akaingia gerezani. Tena Yusufu mwenyewe alikuwa ameibwa kwao na kuuzwa, yaani aliyetekwa ndiye aliyefungwa.

Kesi ya Kololo haikufunguliwa tena upesi. Watu wa shirika moja la London liitwalo Reprieve, wanaotetea wenye hukumu ya kifo, walishika jambo lake pamoja na avoka wa Kenya. Walilalamika pia Uingereza juu ya yule mkubwa wa polisi. Ofisi ya huko inayochunguza polisi ilisema baadaye kwamba alikuwa na kesi ya kujibu kwa mwenendo mbaya sana, lakini wakati ule alikuwa amekwisha kustaafu. Judith Tebbutt mwenyewe, mjane aliyepoteza mume na kukaa miezi sita kifungoni, alikuja kuwaunga mkono wale waliosema hukumu ile haikuwa sawa. Mwaka 2023, Mahakama Kuu huko Malindi ilifuta hukumu, na hata upande wa serikali haukushindana tena kuitetea. Kololo alikwenda nyumbani. Zaidi ya miaka 11 ilikuwa imepita tangu kukamatwa kwake.

Mtu anaweza kuuliza: je, mahakama ilisema Kololo hakuwako pale? Hapana, naye mwenyewe hakukataa kwamba alitembea nao. Ilisema hukumu ile haikuweza kusimama juu ya ushahidi ule. Tofauti hii inatushinda wengi, hata watu wazima. Wakongomani tunayo mfano mkubwa zaidi, na nitaupitia kwa haraka. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro katika Ituri kilishambuliwa, watu kama 200 waliuawa. Wakubwa wawili wa vikundi vya silaha, Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo, walipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa huko La Haye kwa shambulio lile lile moja. Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, na uamuzi ukathibitishwa mwaka 2015. Katanga alipatikana na kosa tarehe 7 Machi 2014. Kijiji kimoja, siku moja, waamuzi wale wale watatu, na matokeo mawili. Siku ya kumwachilia Ngudjolo, waamuzi walieleza wazi kwamba hawasemi mabaya hayakutendeka Bogoro, wala kutomhukumu mtu si lazima iwe kwamba wamemwona safi. Walisema ushahidi ulioletwa juu yake haukufika pale unapotakiwa kufika. Walioiletea mahakama ushahidi dhaifu ndio waliopaswa kuulizwa na watu wa Bogoro, kuliko waamuzi.

Najua ninyi mlio nyuma mtasema: «Mkuu, maneno mazuri, lakini rushwa iko.» Ndiyo, iko. Sitadanganya, na kila mtu mjini ana hadithi yake. Lakini tunayo njia ya kuuliza iliyo bora kuliko kupiga makelele. Kipengele cha 21 cha Katiba kinasema kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu wote. Tena parke inaweza kukata rufaa kama vile mfungwa anavyoweza. Kwa hiyo anayesema «amehonga» ana swali la kujibu kwanza: sababu zilizosomwa zilikuwa zipi? Mimi siku ile uwanjani sikujua hata moja. Nilijua tu kwamba katoka.

Na tusifikiri kwamba kukosa ushahidi ni kama mvua, kitu kinachoanguka tu kutoka juu. Ushahidi unatafutwa. Wote tunaikumbuka habari ya Kavumu, pale penye uwanja wa ndege, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa mjini kama barabara ni nzuri. Kati ya 2013 na 2016 watoto wadogo wa kike waliibwa usiku kutoka nyumbani mwao na kutendewa mabaya ambayo sitayaandika hapa. Miaka ikapita. Kila jamaa ilikuwa na faili yake peke yake, na faili moja moja haikuwa na nguvu: mtoto mdogo, usiku, hakuna aliyeona uso. Kama ingalipelekwa moja tu mbele ya waamuzi, nafikiri ingalianguka. Mwaka 2016 wakubwa wa sheria wa jeshi walizichukua zote pamoja. Hapo mambo yanayofanana yakaanza kuonekana. Waganga wa Panzi walikuwa wameandika waliyoyaona kwa kila mtoto. Wazazi na mashahidi walisikilizwa huku nyuso zao zimefichwa, kusudi wasilipizwe. Tarehe 13 Desemba 2017, kortini iliyokaa Kavumu kwenyewe, watu 11, na mmoja wao mjumbe wa baraza la jimbo, walihukumiwa kifungo cha maisha, na mahakama kuu ya jeshi ilithibitisha hukumu hiyo mwezi wa saba 2018. Washitakiwa walikuwa zaidi ya hao 11, na si wote waliopewa adhabu ile. Hilo nalo linanipa imani: waamuzi walimtazama kila mmoja na ushahidi wake, hawakufagia wote kwa fagio moja.

Sasa turudi Kiwayu kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo halikuniacha kulala vizuri. Miaka yote ambayo Kololo alikuwa gerezani, watu waliambiwa mwuaji amefungwa. Nani angewatafuta wale wa mashua? Walioingia usiku ule na bunduki, wakamwua David Tebbutt na kumchukua mkewe, hawakusimama mbele ya mahakama ile ya Lamu pamoja naye. Mwenye kutaka kuchoma mtu siku ya kwanza afikiri jambo hilo. Angalichomwa mtafuta asali, na wenye mashua wangalipata habari wakiwa wamekaa kwao wanakunywa chai.

Ningeweza kumaliza hapa, lakini mwalimu aliposoma karatasi zangu alisema bado kitu kimoja, nami nilijua ni kipi.

Mwezi wa kumi, katika bweni letu, mashine ya kuhesabu ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano ilipotea. Mdogo mmoja wa mwaka wa pili alionekana karibu na kitanda kile saa ya sala ya jioni. Mtu mmoja alimwona, tena gizani, juu ya umeme kukatika. Nilimwita, akakataa, nikamwona anatetemeka, nikasema anayetetemeka ana kosa. Nilimpa adhabu ya kuchota maji juma zima, na asubuhi, kwenye mstari, nikatangaza jina lake na sababu. Tangu siku ile anakula peke yake. Mashine haikuonekana mpaka leo, wala kwake wala kwa mwingine.

Juzi nilimfuata nyuma ya jiko. Nikamwambia adhabu ile naiondoa. Akaniuliza: «Kwa hiyo, yaya, unasema sikuiba?» Nikamjibu: «Ninasema mimi sikuwa na ushahidi.» Akafikiri kidogo, akiangalia ndoo. Akasema: «Hiyo haitoshi. Ulinisema mbele ya wote.»

Nilitaka kumjibu kwa kipengele cha 17, nikaona aibu, kwani kipengele kile kiko upande wake. Basi hapa ndipo mbele ya wote, na gazeti linafika mpaka kwa Bwana Prefe: mwanafunzi niliyemtangaza mwezi wa kumi kuwa mwizi, sikuwa na haki ya kumtangaza. Anahesabiwa kuwa hana kosa. Na kesho asubuhi nitasema hivyo tena kwenye mstari, kwa jina lake, pale pale niliposimama siku ile.